Nyota ya Kaskazini Nayo Husogea

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Ayubu 9:9, 26:7, 38:31–33, Zaburi 102:25–27, Isaya 47:13, 14, Matendo 27:20–25, Yakobo 1:17.

Fungu la Kukariri: Yakobo 1:17. Likaririni kutoka katika Biblia mnayotumia nyumbani.

Sabato moja huko Shighatini, katika milima ya Upare ya Kaskazini, mzee wa kanisa alihubiri juu ya uaminifu wa Mungu. Alisema kwamba nyota zote huzunguka usiku kucha, lakini ipo moja, nyota ya kaskazini, ambayo haijawahi kusogea tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Msafiri aliyepotea, alisema, akiitazama hiyo hupata njia. Ndivyo Yesu alivyo. Watu wakaitikia amina, na ibada ikaisha vizuri.

Nje ya kanisa binti wa kidato cha nne alimngojea. “Shikamoo, mzee.” “Marahaba, binti yangu.” Kisha akauliza, kwa adabu, kama mzee amewahi kuiona nyota ile. Mzee akafikiri kidogo, akasema hapana, aliisoma kitabuni. Binti akamwambia kwamba darasani, katika mada ya elimu ya anga, walifundishwa kuwa nyota hiyo haionekani kabisa huku kwetu, na tena si kweli kwamba haisogei. Halafu akasema neno lililomnyima mzee usingizi: “Kama la nyota si kweli, haya mengine nitajuaje kuwa ni kweli?”

Juma hili tutalichukua swali hilo kwa uzito linaostahili. Tutajifunza jinsi mhimili wa dunia unavyogeuka, kwa nini nyota ya kaskazini ya leo haikuwa ya kaskazini jana, na kile ambacho Biblia inasema, na kile ambacho haisemi, juu ya vitu visivyobadilika.

*Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI

Iliyo Chini ya Upeo

Soma Ayubu 26:7. Ayubu anasema Mungu ametandaza nini juu ya utupu, naye ameitundika dunia juu ya nini?

Tuanze na lile la kwanza alilosema binti, maana ni rahisi kulihakikisha. Dunia huzunguka juu ya mhimili wake mara moja kila siku. Mhimili huo si fimbo ya chuma. Ni mstari tu wa kuwaziwa, unaopita katikati ya dunia kutoka ncha ya kusini hadi ncha ya kaskazini. Ukiurefusha mstari huo angani upande wa kaskazini, unafika karibu sana na nyota moja ya mwanga wa wastani. Kwa kuwa dunia inazunguka kwenye mstari huo, nyota nyingine zote huonekana kuizunguka ile moja, nayo huonekana imetulia.

Mtu akiwa kwenye ncha ya kaskazini, nyota hiyo iko utosini mwake. Akiwa Ujerumani iko kama nyuzi 50 juu ya upeo wa macho, zaidi kidogo ya nusu ya njia kutoka ardhini hadi utosini. Akiwa kwenye ikweta inagusa ardhi. Akishuka kusini ya ikweta inazama. Shighatini iko karibu nyuzi 4 kusini ya ikweta, kwa hiyo ncha ya kaskazini ya mbingu iko karibu nyuzi 4 chini ya upeo wetu. Hata ukipanda Kindoroko usiku usio na wingu na kutazama upande wa Ugweno mpaka kuche, hutaiona.

Wamisionari Waadventista kutoka Ujerumani walipofika Upare mwaka 1903 na kufungua kituo cha Giti, huko Same, walikuwa wameiacha nyota hiyo nyuma yao baharini. Joseph Bates, mmoja wa waasisi wa kanisa letu, alikuwa nahodha wa meli kabla ya kuwa mhubiri, na alivuka ikweta kwenda Amerika ya Kusini. Naye aliijua hali hiyo kwa kazi yake. Lakini mfano wa nyota isiyosogea ulisafiri katika vitabu vya mahubiri vilivyoandikwa na watu wa kaskazini, tukaupokea, tukaurudia, na hakuna aliyetoka nje kuangalia. Hilo linatupasa sisi tunaofundisha kujiuliza. Ni mifano mingapi mingine tunayoitumia ambayo hatujawahi kuiona wala kuipima?

Ayubu yeye hakusema kwamba dunia imetundikwa kwenye nyota. Alisema imetundikwa pasipo kitu.

JUMATATU

Pia Inayoyumba

Soma Ayubu 38:31–33. Mungu anamwuliza Ayubu juu ya Kilimia na Orioni, kisha anamwuliza juu ya kitu gani cha mbinguni?

Mtoto akichezesha pia, mwanzoni inasimama wima na kuvuma. Ikianza kulegea inaegemea upande, lakini haianguki papo hapo. Kichwa chake kinachora duara polepole hewani, huku pia yenyewe ikiendelea kuzunguka kwa kasi. Yeyote aliyekulia kijijini amelitazama jambo hilo mara nyingi bila kujua kwamba anaitazama dunia.

Dunia imeinama. Mhimili wake umelala kiasi cha nyuzi 23 na nusu hivi. Tena dunia si mviringo kamili, imevimba kiunoni: kipenyo chake kwenye ikweta kinazidi kile cha ncha hadi ncha kwa kilomita 43 hivi. Mwezi na jua huvuta uvimbe huo kana kwamba vinataka kuisimamisha dunia wima. Lakini kwa sababu dunia inazunguka, haisimami. Badala yake mhimili wake unageuka polepole na kuchora duara kubwa angani, kama kichwa cha pia. Isaac Newton alieleza sababu hiyo mwaka 1687. Jambo lenyewe lilikuwa limegunduliwa zamani zaidi. Kama miaka 130 kabla ya Kristo, Mgiriki Hipparchus alipima mahali pa nyota moja iitwayo Spica, akalinganisha na kipimo cha Timocharis aliyemtangulia kwa miaka kama 150, akakuta tofauti ya nyuzi 2 hivi. Angeweza kusema mwenzake alikosea. Hakusema hivyo. Aliuamini uangalifu wa yule aliyemtangulia, na kwa kuuamini akavumbua jambo kubwa.

Mwendo huo ni wa polepole mno: uzi mmoja kwa miaka 72 hivi, yaani umri wa mtu mmoja aliyepewa miaka mingi. Duara zima lingechukua miaka kama 25,800. Hapa wengine katika vikundi vyetu watashtuka na kuuliza, “Je, si tunaamini kwamba dunia haina umri huo?” Hesabu hii haisemi kwamba duara limekwisha kuzungukwa. Inasema kasi ya mwendo. Ukinunua saa ya ukutani Same mjini asubuhi, uso wake una saa kumi na mbili zote, lakini hakuna atakayesema kwamba saa hiyo imefanya kazi tangu jana usiku. Tusiogope namba kabla ya kuuliza inapima nini.

Kwa kuwa mhimili unageuka, nyota inayokaa kwenye ncha nayo hubadilika. Kama miaka 2800 kabla ya Kristo ilikuwa Thuban, nyota hafifu katika kundi la Joka. Siku za Musa hakukuwa na nyota angavu kwenye ncha. Nyota ya kaskazini tunayoizungumzia leo, Yesu alipokuwa Nazareti, ilikuwa nyuzi 12 hivi kutoka kwenye ncha. Panga miezi mipevu 24 katika mstari mmoja, ndio umbali huo. Leo iko chini ya uzi mmoja. Itakaribia zaidi ya hapo kama mwaka 2100, kisha itaanza kuondoka. Baada ya miaka kama 12,000, kama dunia hii ingeendelea (na hilo silo tumaini letu), nyota angavu iitwayo Vega ingekuwa ndiyo iliyo karibu na ncha.

Basi la pili alilosema binti nalo ni kweli. Mzee alikosea mara mbili katika sentensi moja.

Lakini tazama swali la mwisho ambalo Mungu anamwuliza Ayubu katika sura ya 38, fungu la 33. Halihusu nyota moja moja. Linahusu amri za mbingu. Mwendo huu unaoiondoa nyota mahali pake si fujo. Una kasi inayojulikana, hata mwanafunzi anaweza kuandika kwa kalamu nyota itakuwa wapi baada ya miaka 500.

JUMANNE

Kilimia na Jembe

Soma Mwanzo 1:14 na Mwanzo 8:22. Mianga iliwekwa kwa kazi gani? Ni ahadi gani iliyotolewa juu ya kupanda na kuvuna?

Sisi wa milimani hatuijui nyota ya kaskazini, lakini Kilimia tunaijua. Jina lenyewe latoka katika kulima. Kabla ya redio kutangaza hali ya hewa, wazee walitazama Kilimia ikipotea magharibi wakati wa masika, ikirudi alfajiri mwezi wa sita, kisha mwezi wa kumi na moja ikichomoza mashariki jua linapozama, wakati wa vuli. Aliyeamka mapema kwenda kufungua ndiva ili maji yashuke shambani aliiona juu ya kichwa chake, na alijua imebaki siku ngapi.

Kilimia nayo imesogea. Mwaka wa majira, unaofuata jua, ni mfupi kuliko mwaka wa nyota kwa dakika 20 hivi. Dakika 20 si kitu. Lakini kwa miaka 72 zinakuwa siku nzima. Tangu siku za Musa, ambaye Waadventista wengi tunaamini aliandika kitabu cha Ayubu, Kilimia imechelewa kwa siku 48 hivi ikilinganishwa na majira. Mkulima wa siku za Musa aliyeiona ikichomoza jioni alikuwa mwanzoni mwa Oktoba, kwa kalenda yetu. Kama angetuachia wosia kwamba tupande siku ileile Kilimia inapoonekana, bila kutazama mawingu wala udongo, leo tungechelewa kwa mwezi mmoja na nusu.

Sasa soma tena Mwanzo 8:22. Mungu hakuahidi kwamba Kilimia itarudi siku ileile. Aliahidi kupanda na kuvuna, baridi na joto, mchana na usiku. Ishara imesogea; ahadi imebaki. Wako watu wanaoshika ishara kwa nguvu mpaka wanaisahau ahadi, hata kanisani.

Na hapa tuseme neno juu ya unajimu, kwa sababu katika nyumba zetu gazeti hufunguliwa kwanza ukurasa wa nyota. Aliyezaliwa tarehe 1 Aprili huambiwa nyota yake ni Punda. Lakini tarehe hiyo, kwa jinsi mhimili ulivyogeuka, jua husimama mbele ya kundi la Samaki. Alama za wanajimu zimeachana na nyota zenyewe kwa karibu alama nzima. Isaya 47:13, 14 inawaita wapimao mbingu wasimame na kuwaokoa watu, kama wanaweza. Kijana anayeacha kuposa kwa sababu ya ukurasa huo amezuiwa na nyota ambayo hata haiko mahali anapoambiwa ipo.

JUMATANO

Msalaba wa Kusini

Soma Ayubu 9:9. Ayubu anataja Dubu, Orioni na Kilimia. Anataja nini upande wa kusini?

Ukisimama Shighatini jioni ya mwezi wa tano na kutazama kusini, utaona nyota nne zilizopangwa kama msalaba. Upande huo hakuna nyota angavu kwenye ncha; mabaharia hutumia Msalaba wa Kusini kukisia ncha ilipo. Ukiwa Yerusalemu leo, hutauona mzima: mguu wake haupandi juu ya upeo. Lakini siku za Yesu, kwa sababu ya kugeuka huku kwa mhimili, ulipanda wote. Katika majira ya Pasaka, kama saa nne za usiku, ulikuwa chini kabisa upande wa kusini, nyuzi chache tu juu ya ardhi.

Tunajua wahubiri watakavyotaka kulitumia jambo hili. Tunaomba wasilitumie. Hakuna mwandishi wa Injili anayesema kwamba mtu yeyote alitazama nyota hizo usiku ule, na katika siku hizo watu hawakuziita msalaba. Mzee wetu aliingia shidani kwa sababu ya mfano mzuri usio na msingi, tusijenge mwingine.

Linalostahili kufikiriwa ni hili. Siku zile, nyota ya kaskazini ya leo, kwa kuwa ilikuwa mbali na ncha, ilichomoza na kuzama hapa Upare. Aliyesimama kwenye miteremko hii aliweza kuiona, nyuzi 8 hivi juu ya upeo wa kaskazini. Iliendelea kushuka karne kwa karne, na kufikia karibu karne ya 15 ikaacha kuonekana. Mababu zetu waliiona nyota ambayo sisi hatuioni, na watu wa Yerusalemu waliziona nyota ambazo sisi tunaziona na watoto wao hawazioni. Hakuna taifa lililopewa anga lote. Ukisoma Ayubu 9:9 ukiwa Upare, kuna sehemu ya fungu hilo unayoweza kumwonyesha kwa kidole ndugu wa Yerusalemu, akija.

ALHAMISI

Merini Pasipo Nyota

Soma Matendo 27:20–25. Ni nini kilichopotea kwanza, mizigo, nyota au tumaini? Paulo alishika nini?

Paulo alisafiri wakati ambapo hakukuwa na nyota kwenye ncha. Mabaharia waliongozwa na makundi ya Dubu yaliyozunguka ncha hiyo. Huku kwetu, manahodha wa majahazi walipima kwa ubao na kamba yenye mafundo urefu wa nyota waliyoiita *jah*, na ilipozama wakielekea kusini walihamia kwenye nyota mbili za Dubu Mdogo, *farqadan*. Mtu mwenye busara ya bahari hulijua jambo hilo: chombo kinaongozwa na kile kinachoonekana sasa, na nahodha lazima ajue lini kimoja kimekwisha.

Lakini Luka anaandika juu ya siku nyingi ambazo hata jua halikuonekana. Hapo hakukuwa na cha kuhamia. Paulo hakudai kwamba anaona kitu ambacho wengine hawakioni angani. Alisema tu kwamba Mungu aliye wake amesema naye, na kwamba itakuwa vilevile alivyoambiwa. Meli ilivunjika. Watu wote wakafika pwani.

IJUMAA

Jifunze Zaidi

Soma Zaburi 102:25–27 taratibu, ikiwezekana kwa sauti. Mtunga zaburi hakuchagua kitu cha mbinguni kumlinganisha na Mungu. Alichukua mbingu zote pamoja akasema zitachakaa kama vazi. Yakobo naye, akimwita Mungu Baba wa mianga, mara moja anamtenga na mianga hiyo: kwake hakuna kubadilika, wala kivuli cha kugeuka. Kugeuka ndilo neno. Kila mwanga tunaoujua hugeuka, au sisi tunageuka mbele yake. Biblia haikuhitaji nyota isiyosogea; sisi ndio tuliyoihitaji.

Mzee wa Shighatini alikwenda kwa mwalimu wa fizikia juma lile, akakaa naye jioni nzima. Sabato iliyofuata, kabla ya somo, alisimama mbele ya kanisa. Alisema: “Niliwaambia jambo ambalo si kweli. Nililinganisha Bwana wangu na kitu ambacho sijawahi kukiona. Huyu binti alinisahihisha, nami namshukuru.” Baadhi ya wazee wenzake hawakupenda. Walimwambia baadaye kwamba mzee hasahihishwi na mtoto mbele ya watu. Akajibu kwamba hakusahihishwa mbele ya watu. Alisahihishwa kando, yeye ndiye aliyelileta mbele.

Kisha akalijibu swali lake, yale mengine atajuaje. Hakumpa hoja ndefu. Alimwambia ayapime kama alivyoipima nyota, na akikuta kosa arudi amwambie tena. Binti huyo hajabatizwa bado. Anakuja kila Sabato, na anauliza.

Maswali ya Kujadili

Katika kikundi chenu, mtu akigundua kwamba mwalimu amesema jambo lisilo kweli, hufanya nini? Mwalimu hufanya nini? Semeni yaliyotokea kweli, si yanayopaswa kutokea.

Tajeni ishara au desturi moja mnayoithamini ambayo huenda imesogea, wakati ahadi iliyo nyuma yake ingali pale. Mtazitofautishaje bila kuvunjana mioyo?

Jua likizama kesho na Sabato ikiisha, tokeni nje pamoja kabla ya kuagana. Watoto watazame kaskazini, mahali ambapo nyota ile haipo, kisha wageuke kusini. Mmoja asome Ayubu 26:7 kwa kurunzi.